Kansiime: mdomo wa kwenye televisheni na maisha ya nyumbani

Mwezi huu tunaongea juu ya mtu ambaye karibu kila nyumba yenye simu inamjua. Wengine wanampenda sana. Wengine wakisikia sauti yake wanasema, "Zima hiyo, watoto wasije wakaiga." Huyo ni Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda.

Kabla ya kueleza habari zake, niungame jambo moja.

Mwaka 2018 nilikuwa nauza vitenge Bwizibwera, ile senta ya kwenye barabara ya kutoka Mbarara kwenda Ibanda. Jioni biashara ikipoa, sisi akina mama tulikuwa tunakaa kwenye saluni ya dada mmoja wa hapo, kwa sababu alikuwa na televisheni ukutani. Siku hiyo aliweka flashi ya vichekesho vya Kansiime. Tulicheka mpaka machozi. Basi mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Anachekesha, ndiyo. Lakini ndoa imemshinda na mtoto hana. Huo ulimi wake utamsaidia nini?"

Wote wakacheka tena, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa anasukwa. Alikuwa wa kwetu kabisa, Mkongomani wa upande wa Rutshuru, miaka tisa kwenye ndoa na hajapata mtoto. Mimi nilikuwa najua. Siku ile nilisahau tu. Hakusema neno. Nywele zilipoisha alilipa, akajifunga kitambaa, akaenda. Tangu hapo hakurudi kukaa na sisi.

Ndiyo maana naandika habari hii. Tumjue huyu Kansiime vizuri, halafu tujiangalie na sisi.

Binti wa Mparo

Anne Kansiime alizaliwa tarehe 13 Aprili 1986 huko Mparo. Wakati huo Mparo ilikuwa wilaya ya Kabale. Tangu 2017 iko katika wilaya mpya ya Rukiga. Siyo mbali na sisi. Ukisimama stendi ya Mbarara ukapanda gari la Kabale, unapita Ntungamo na kuanza kupanda milima ya Kigezi, huko ndiko kwao. Watu wa huko ni Bakiga, na lugha yao inasikilizana vizuri na Runyankore tunayoisikia kila siku sokoni Isingiro na Mbarara.

Hata jina lake ni la lugha hiyo. Kansiime maana yake ni kama kusema, "Acha nishukuru."

Shule ya msingi alisoma Kabale. Sekondari alisoma Bweranyangi, shule ya wasichana huko Bushenyi, ambayo ni safari fupi tu kutoka Mbarara. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, akapata digrii ya sayansi ya jamii. Kwa hiyo wale wanaofikiri kwamba vichekesho ni kazi ya mtu aliyeshindwa shule, wafikiri tena. Huyu alisoma mpaka juu, na alichokipenda akakifanya kazi.

Kutoka jukwaani mpaka kwenye simu

Alianza kuigiza Kampala mwaka 2007, akiwa na kundi la wachekeshaji lililoitwa Theatre Factory. Kundi hilo lilipovunjika, akaendelea na wenzake katika kundi jingine, Fun Factory. Kazi ya kundi ni ngumu. Kila wiki lazima mlete mchezo mpya, na watu waliolipa kiingilio hawacheki kwa huruma. Kama haichekeshi, wanakaa kimya, na ule ukimya unausikia mwenyewe.

Watu wengi walianza kumjua kwa kipindi cha MiniBuzz. Hicho kilikuwa kipindi cha televisheni kinachopigwa ndani ya teksi: abiria wanapanda, kamera iko humo humo, wanajadili habari za mji, na katikati yake panawekwa mchezo mfupi wa kuchekesha. Kansiime alikuwa anacheza hiyo michezo mifupi. Dakika mbili, tatu, imeisha.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wengi wa wakati ule hawakulifikiria. Michezo yake aliiweka kwenye YouTube. Wengine walikuwa wanangoja stesheni iwaite. Yeye aliweka kazi yake mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiona, awe Kampala, Nairobi au Lubumbashi. Televisheni ya Citizen ya Kenya ikamwona, na akapata kipindi chake mwenyewe kilichoitwa Don't Mess With Kansiime. Maana ya jina hilo ni kama onyo: usimchokoze Kansiime.

Kufika Novemba 2014, video zake zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 15. Alialikwa kuchekesha watu Kigali, Lusaka, Harare, Blantyre, Gaborone, Lagos, mpaka London na Kuala Lumpur kule Malaysia. Vijana wanaouliza, "Lakini video za bure zinaleta pesa gani?", wajue hivi: kampuni zinalipa ili matangazo yao yatokee kwenye video, na mwenye video anapata sehemu yake. Tena jina likishajulikana, watu wanakuita jukwaani na wanalipa kiingilio.

Sisi wa Nakivale hatukuhitaji hata intaneti kumjua. Video zilikuja kwa memori kadi. Unampa kijana wa pale senta pesa kidogo, anakujazia kadi: nyimbo, filamu za marehemu Kanumba wa Tanzania, na vichekesho vya Kansiime. Ukirudi nyumbani jioni, familia nzima inakusanyika kwenye simu moja kama watu wanaoota moto.

Kiingereza cha kwao

Jambo moja lililompa jina ni namna anavyoongea. Anatumia Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, Kiingereza cha mtu wa Kigezi. Kampala watu wa magharibi walikuwa wanachekwa kwa lafudhi hiyo. Yeye hakuificha. Aliichukua akaipandisha jukwaani, akaongeza yale macho yake anayoyatoa na ule mdomo anaoukunja, na watu wakalipa kumsikiliza.

Hapa nataka wazazi wasikilize. Watoto wetu wanaosoma shule za Mbarara wanarudi nyumbani wakilia kwa sababu wenzao wamewacheka: "Angalia mkimbizi anavyosema!" Mtoto anaanza kukaa kimya darasani. Anajua jibu, lakini hanyooshi mkono. Mimi binti yangu alikuwa hivyo mwaka mzima. Siku moja nilimwambia, "Huyu unayemcheka kwenye simu kila jioni, unasikia anavyoongea? Amefika London na lafudhi ya kijijini kwao." Sitasema kwamba kesho yake akawa wa kwanza darasani. Lakini alianza kunyoosha mkono.

Wanaomlaumu

Sasa tuje kwenye ubishi. Mwanamke ambaye Kansiime anamcheza ana ulimi mkali. Ni mchoyo na mwongo, anakopa halafu anamgeuzia kibao aliyemkopesha, anagombana na jirani, anamjibu bwana, anamsumbua mtoto wa kazi. Hapa kambini nimesikia wazee wakisema, "Huyu anaharibu mabinti zetu. Mwanamke anayejibu hivi, nani atamweka nyumbani?" Nimesikia na akina mama wa kanisani wakisema hivyo hivyo.

Siwadharau. Wazazi wana haki ya kuchagua watoto wao waangalie nini, na mchezo mwingine ni wa watu wazima, siyo wa mtoto wa miaka sita. Lakini nina swali kwa wazee wangu. Sisi tulikuzwa na hadithi za sungura. Wanyarwanda wanamwita Bakame. Sungura anaiba, anadanganya, anamponza mwenzake anakimbia. Je, kuna mtu aliyesema kwamba bibi alikuwa anatufundisha wizi? Tulicheka kwa sababu tulimwona jirani yetu ndani ya sungura, na tukikua kidogo tukajiona na sisi wenyewe.

Kansiime ni hivyo hivyo. Yule mchoyo anayeficha nyama mgeni akipiga hodi, tunamjua. Siku nyingine ni mimi, hasa siku za mwisho wa mwezi kabla posho haijatoka. Tunamcheka yeye, na moyoni tunaona aibu kidogo ambayo inasaidia.

Kosa linaanza pale tunapofikiri kwamba mchezo ndio mtu mwenyewe. Kwamba akiwa mkali kwenye televisheni, basi hata nyumbani anampigia bwana yake kelele namna hiyo. Mwigizaji akicheza mwizi hatuendi kupekua nyumba yake. Kwa nini mwanamke akicheza mkorofi tunaanza kuipekua ndoa yake?

Ndoa

Ndoa yake ilipekuliwa kweli. Mwaka 2013 alifunga ndoa ya kimila na Gerald Ojok. Huku magharibi sherehe ya kumtoa binti inaitwa kuhingira, na wengi wetu tumeshaiona kwa majirani: nguo za kupendeza, ng'ombe wanatajwa, wasemaji wa pande mbili wanarushiana maneno matamu. Jina la Ojok ni la watu wa kaskazini. Kwa hiyo ilikuwa ndoa ya kuunganisha pande mbili za nchi, jambo ambalo hapa Nakivale tunalielewa, maana tuna nyumba ambamo baba anaongea Kirundi na mama Kinyabwisha, na watoto wanaongea Kiswahili.

Walikuwa wanaonekana pamoja mara nyingi, na watu waliwapenda. Mwishoni mwa 2017, baada ya uvumi mwingi, Kansiime mwenyewe alithibitisha kwamba hawako pamoja tena. Sababu ni zao wawili. Lakini si unajua watu? Kila mmoja alikuwa na sababu yake mkononi. "Ni pesa." "Ni ule mdomo." "Ni mtoto." Watu ambao hawajawahi kufika hata getini kwao walieleza kama waliokuwa wamelala chini ya kitanda.

Na sisi wa Bwizibwera, kwenye saluni, tulikuwa miongoni mwa hao.

Neno la mtoto

Hili ndilo lililomuuma mwanamke yule aliyekuwa anasukwa, na ndilo lililomfuata Kansiime kwa miaka. Kila akiweka picha au kichekesho, hakukosekana mtu wa kumwandikia: mtoto yuko wapi? Unachekesha watu na tumbo lako ni tupu.

Fikirini kidogo. Mtu anafanya kazi ya kuwafurahisha watu wasiomjua. Anawapa kicheko, na wao wanamlipa kwa kumchoma pale panapouma.

Baadaye alianza maisha mapya na mwanamuziki anayeitwa Skylanta. Mwezi wa Aprili 2021, akiwa na miaka 35, alijifungua mtoto wa kiume. Habari ilipofika hapa kambini, ule mwaka wa korona, akina mama walipiga vigelegele kama vile ni ndugu yao aliyejifungua. Wengi walisema, "Mungu amewaaibisha adui zake!"

Mimi pia nilifurahi. Lakini usiku nikawaza. Kama mtoto ndiye aliyefuta ile aibu, basi tunasema kwamba aibu ilikuwepo kweli. Na yule mama wa Rutshuru, ambaye hajapata? Yeye abaki nayo?

Hapana. Kansiime alikuwa mtu kamili mwaka 2014 alipotazamwa na mamilioni. Alikuwa mtu kamili ndoa ilipovunjika, alipoendelea kupanda jukwaani na kuwachekesha watu ambao wengine walikuwa wanamsema. Alikuwa mtu kamili alipojenga biashara yake ya kupokea wageni kule ziwa Bunyonyi, Kabale. Mtoto ni baraka aliyoongezewa. Hakuja kulipa deni.

Na jambo hili tulijue kama familia: kuchelewa kupata mtoto siyo kosa la mwanamke peke yake. Waganga wa hospitali wanaeleza kwamba tatizo linaweza kuwa kwa mwanamke, linaweza kuwa kwa mwanaume, na linaweza kuwa kwa wote wawili. Njia nzuri ni kwenda wote wawili kupimwa, kwanza kituo cha afya, halafu kama wakiandika barua ya rufaa, hospitali kubwa ya Mbarara. Mama mkwe kumtukana mkamwana hakupimi kitu. Na wapo miongoni mwetu ambao tatizo limetokana na yale waliyofanyiwa vitani au njiani wakikimbia. Hao wakisikia neno "tasa" hawasikii mzaha. Wanarudishwa kule walikotoka.

Tunachojifunza

Uvumi tunaujua sisi wakimbizi kuliko watu wengi. Uvumi wa kwamba posho itakatwa, uvumi wa orodha ya ndege, uvumi wa kwamba fulani amepata kesi ya Marekani kwa kudanganya. Tumeona unavyovunja nyumba. Kansiime naye uvumi ulimla mpaka ikafika mahali watu wakatangaza kwamba amekufa, na yeye yuko hai anapika chakula chake. Mtu maarufu anaweza kusimama mbele ya kamera akasema, "Jamani, niko hapa." Mama wa bloku ya tatu hana kamera. Akisemwa, anajifungia ndani.

Kwa hiyo tucheke. Kicheko ni dawa, na kwa maisha tuliyopitia tunakihitaji kama maji. Tucheke mchoyo wa kwenye video, mwongo wa kwenye video, mwanamke anayegombana na mtu wa boda mpaka boda anaomba msamaha. Lakini simu ikizimwa, tumwache mwenyewe na nyumba yake, na tuwaache majirani zetu na nyumba zao.

Yule mama nilikutana naye tena mwaka jana, Base Camp, kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa nimebeba deni lile kwa miaka. Tukiwa kwenye foleni nikamwambia, "Mama, siku ile Bwizibwera nilisema vibaya. Nisamehe." Akaniangalia muda mrefu, nikafikiri hatajibu. Kisha akasema, "Wewe mama, siku ile mimi nilikuwa nacheka Kansiime kuliko ninyi wote. Ni wewe uliyenikatisha kicheko."

Tulisaga unga wetu, nikamsaidia kumtwika. Mpaka leo hajanitembelea nyumbani, na simlaumu. Lakini tukikutana njiani ananisalimia kwa jina.

Maswali ya kuongea nyumbani jioni

1. Kwa watoto: mtu mnayemwona kwenye televisheni, mnajuaje lini anaigiza na lini anasema maisha yake?

2. Kwa vijana: kuna mtu darasani au kwenye kiwanja mnayemcheka kwa lafudhi yake? Yeye anajisikiaje?

3. Kwa baba na mama: katika familia yetu, kuna mtu ambaye tulimsema kwa sababu ya ndoa au mtoto? Nani ataenda kumwomba msamaha, na lini?

Mungu awalinde. Tuonane mwezi ujao.